Wasomaji Wanauliza: Tafuta Shamba Kwanza, Jina Baadaye

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu sehemu moja: wilaya ya Osnabrück, kusini-magharibi mwa jimbo la Niedersachsen, Ujerumani. Wengi walioandika wameoa au wameolewa huko, na sasa watoto wanauliza habari za upande wa pili. Ni eneo la vijijini lenye maandishi mengi ya zamani, lakini lina desturi zake, na asiyezijua hukwama kizazi cha nne au cha tano.

SWALI: Nimeolewa Melle. Nimefuata ukoo wa mume wangu hadi kwa babu aliyefunga ndoa mwaka 1812 kwa jina la Brockmann. Nilipotafuta ubatizo wake nikamkuta mtu mwenye majina yaleyale mawili ya kwanza, tarehe inalingana, kijiji kinalingana, ila jina la ukoo ni Meyer. Mama mkwe anahofia kwamba alizaliwa nje ya ndoa. Ni kweli? (Bi. Z., Melle)

JIBU: Dada, mtoe mama mkwe wasiwasi. Kwa karne nyingi, katika nchi ya Osnabrück, jina la ukoo lilikuwa la shamba. Mwanamume aliyeoa binti mrithi wa shamba la Brockmann aliacha jina la kwao siku alipoingia, akaitwa Brockmann, na watoto wake wote wakawa Brockmann. Mke akifariki na yeye akaoa mwanamke mwingine kutoka kijiji cha pili, watoto wa ndoa hiyo nao ni Brockmann, ingawa hawana tone la damu ya Brockmann wa mwanzo. Shamba laweza kubaki na jina moja miaka mia nne huku damu ikiwa imebadilika mara tano.

Rudi kwenye kitabu cha ndoa cha 1812 na usome mstari wote, neno kwa neno. Tafuta *modo* au *jetzt* (sasa), *genannt* au *vulgo* (aitwaye) katikati ya majina mawili. "Meyer modo Brockmann" maana yake alikuwa Meyer, sasa ni Brockmann. Padri au mchungaji mvivu hakuandika hivyo. Aliandika jina jipya tu, na hapo ndipo wengi hupotea. Bahati yako ni kwamba 1812 iko katika miaka ya utawala wa Kifaransa, ambapo serikali nayo ilisajili ndoa kwa fomu yake. Fomu hizo huwataja wazazi wa pande zote mbili, na mara nyingi ni bora kuliko kitabu cha kanisa.

Kisha angalia kama bibi harusi alikuwa mjane. Mkulima akifa na kuacha watoto wadogo, mjane aliolewa haraka, kwa sababu shamba lilihitaji mwanamume wa kuliendesha. Mume huyo wa pili alikubaliwa kwa idadi ya miaka iliyotajwa, iliyoitwa *Mahljahre*, hadi mrithi akue. Muda ukiisha, yeye na mkewe walihamia nyumba ndogo ya wazee pembeni ya shamba, na mtoto wa mume wa kwanza akashika hatamu. Usipoliona hilo utamfanya baba wa kambo kuwa baba mzazi, na kizazi kizima kitakaa mahali pasipo pake.

Uthibitisho ulio imara kuliko wote uko kwa mabwana wa ardhi. Wakulima wengi wa huku walikuwa chini ya bwana: monasteri, kanisa kuu au familia ya kikabaila. Sheria za uhusiano huo ziliandikwa mwaka 1722. Kila mwenzi mpya aliyeingia shambani alilipiwa ada ya kuingia (*Auffahrt*), mkulima akifa bwana alichukua sehemu ya mali inayohamishika (*Sterbfall*), na anayeondoka alinunua barua ya uhuru (*Freibrief*). Kila malipo yaliacha karatasi, na karatasi ya *Auffahrt* kwa kawaida husema mwenzi huyo ametoka shamba gani. Nyingi ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo, tawi la Osnabrück, na orodha zake zinasomeka mtandaoni kupitia mfumo wa Arcinsys. Andika jina la shamba na la kijiji. Ukiandika jina la mtu peke yake utapata patupu.

Kwa hiyo kwenye mti wako wa ukoo weka mambo matatu kwa kila mtu: jina la kuzaliwa, jina la shamba alilohamia, na kijiji pamoja na parokia yake. Miti mingi iliyowekwa mtandaoni huwaunganisha akina Brockmann kwa Brockmann kwa sababu majina yanafanana tu. Usiinakili kabla ya kuona kitabu chenyewe. Desturi hii ilififia ndani ya karne ya 19, na baada ya usajili wa serikali kuanza mwaka 1874 majina yakaganda.

SWALI: Watu wa mke wangu hawakuwa na shamba lolote. Kila mtoto amebatizwa akiwa na anwani tofauti, halafu familia inapotea kabisa kwenye miaka ya 1840. Nawafuataje watu wa namna hii? (Ndugu K., Bramsche)

JIBU: Hao walikuwa *Heuerleute*, wapangaji wa vijijini. Shamba halikugawanywa, lilikwenda zima kwa mrithi mmoja, na sehemu nyingi za Osnabrück mrithi huyo alikuwa mtoto wa kiume wa mwisho, si wa kwanza. Ndugu zake walilipwa kidogo na kuachwa watafute maisha. Wengi walipanga kijumba kwenye ardhi ya mkulima pamoja na kipande cha shamba, na sehemu ya kodi waliilipa kwa kazi: wakiitwa siku ya mavuno wanaacha yao na kwenda. Makubaliano mara nyingi yalikuwa ya mdomo, hivyo usitegemee kuona mkataba. Wakishindwana na mwenye shamba walihama, na ndiyo maana anwani zinabadilika.

Wafuate kwa wasimamizi wa ubatizo. Mwenye shamba au mkewe mara nyingi alisimamia mtoto wa mpangaji wake. Andika wasimamizi wa kila mtoto kwenye safu yao, halafu tazama ni shamba gani linajirudia. Ukilijua shamba, unajua ni parokia gani ya kutafuta mtoto anayefuata. Wakihama, mara nyingi waliangukia parokia ya jirani. Soma vitabu vya parokia zote zinazopakana kabla ya kwenda mbali.

Zingatia pia kwamba mpangaji aliyezaliwa kwenye shamba la Brockmann alibaki na jina hilo, na jirani yake asiyehusiana naye kwa damu angeweza kuitwa vivyo hivyo.

Kupotea kwao miaka ya 1840 kuna sababu. Watu hawa waliishi kwa kuunga-unga: kusuka kitani wakati wa baridi, na kiangazi wanaume kutembea kwa miguu hadi Uholanzi kukata majani na kuchimba mboji ya kuwashia moto. Nguo za viwandani zikaua soko la kitani. Malisho ya pamoja, ambako mpangaji alilishia ng'ombe wake mmoja, yakagawanywa, na ardhi ikaenda kwa wenye mashamba. Wakamiminika Marekani, hasa Ohio na Missouri, wengi kupitia Bremerhaven.

Orodha za abiria za Bremen za miaka hiyo hazipo tena. Zilizobaki ni za 1920 hadi 1939. Za Hamburg zipo kuanzia 1850, lakini watu wa Osnabrück hawakupenda kupitia huko. Kwa hiyo anza upande wa pili: orodha za kuwasili New York, Baltimore na New Orleans, na vitabu vya parokia za Kijerumani kule Cincinnati na St. Louis, ambavyo mara nyingi hutaja kijiji cha asili. Upande wa Ujerumani, tafuta maombi ya ruhusa ya kuhama kwenye hifadhi ya Osnabrück. Wengi waliondoka bila kuomba, hasa vijana waliokwepa jeshi, basi kukosa karatasi hakuthibitishi kwamba hawakuondoka.

SWALI: Niliomba cheti cha kuzaliwa cha bibi mzaa mama mkwe wangu, ofisi ya msajili ikanikatalia. Tena wakaniuliza kama ni Mkatoliki au Mlutheri. Inahusu nini? (Bi. H., Quakenbrück)

JIBU: Mambo mawili tofauti hapo.

La kwanza ni muda. Tangu sheria ya 2009, daftari la vizazi hukaa kwa msajili (*Standesamt*) miaka 110, la ndoa miaka 80, la vifo miaka 30. Ndani ya muda huo anayepewa nakala ni mhusika, mwenzi wake wa ndoa, na ndugu wa mstari wa moja kwa moja, yaani wazazi, babu na bibi, watoto, wajukuu. Wewe ni mkwe, si wa mstari huo. Mumeo aombe mwenyewe, au akupe barua ya uwakilishi yenye sahihi yake (*Vollmacht*) na nakala ya kitambulisho, ukiambatisha vyeti vinavyounganisha kizazi kwa kizazi: cha kwake na cha mama yake. Kikikosekana kimoja, ombi linarudi. Muda ukishapita, daftari linahamia hifadhi ya nyaraka na mtu yeyote anaweza kuomba. Ujanja unaosaidia: kama cheti cha kuzaliwa bado kimefungwa, omba cha kifo. Miaka 30 hupita upesi, na daftari la vifo hutaja mahali pa kuzaliwa.

Unapoomba, sema wazi unataka picha ya ukurasa wa daftari, si cheti kipya kilichochapwa. Cheti kipya huacha kazi ya baba, jina la aliyetoa taarifa, na maelezo ya pembeni, na hayo ndiyo unayoyatafuta.

La pili ni dini. Kabla ya 1 Oktoba 1874 hakukuwa na msajili wa serikali huku (isipokuwa ile miaka michache ya Wafaransa), kila kitu kiko kanisani. Na Osnabrück ilikuwa nchi ya ajabu: baada ya amani ya 1648 askofu mtawala alikuwa Mkatoliki kwa zamu moja na Mlutheri kwa zamu ifuatayo, na parokia ziligawanywa kati ya pande hizo mbili. Kijiji kimoja Kikatoliki, cha jirani Kilutheri. Anayeishi upande usio wake mara nyingi aliandikwa kwenye kitabu cha kanisa la upande mwingine. Kwa hiyo usipomwona kwenye kitabu cha dini yake, fungua cha dini nyingine ya mahali hapohapo.

Vitabu vingi vya Kikatoliki vya Ujerumani vimewekwa kwenye tovuti ya Matricula, bure. Vya Kilutheri viko Archion, ambako unalipia kwa mwezi. Kusanya maswali yako yote kwanza ndipo ulipie. Na jina la kijiji kwanza litafute kwenye kamusi ya mahali ya Meyer, toleo la 1912, inayosomeka mtandaoni bila malipo. Inaeleza kijiji kilikuwa chini ya msajili gani. Hili ni muhimu kwa sababu wilaya ya leo iliundwa mwaka 1972 kutokana na wilaya nne (Osnabrück, Bersenbrück, Melle na Wittlage), na vijiji vingi vilimezwa na miji. "Melle" ya leo ina vitongoji zaidi ya hamsini ambavyo zamani kila kimoja kilijitegemea.

SWALI: Vitabu nimevipata, kusoma ndiyo shida. Ule mwandiko ni mistari mitupu ya kwenda juu na chini! (Kijana wa Bersenbrück)

JIBU: Mwandiko huo unaitwa Kurrent. Usianzie mwaka 1700. Anza 1870, mwandiko bado uko karibu na wetu, rudi nyuma mwaka kwa mwaka. Mwandishi ni mmoja kwa miaka mingi, na ukishamzoea unasoma kurasa zake zote. Jifunze kuiandika wewe mwenyewe kwa kalamu, herufi ndogo kwanza. Inayosumbua zaidi ni *e*, ambayo ni vijiti viwili na hufanana na *n*. *U* hutofautishwa na *n* kwa kikofia juu yake. *H* ina kitanzi juu na kingine chini. *S* ya katikati ya neno ni mstari mrefu, ya mwisho ni ya mviringo.

Mitego mitatu ya vitabu vya huku. Tarehe "7bris" ni Septemba, si Julai. 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Pili, karibu kila mwanamume ni Johann na karibu kila mwanamke ni Anna, basi jina aliloitwa nyumbani ni la pili au la tatu, wakati mwingine limepigiwa mstari. Tatu, mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lilelile. Kabla ya kuamua kwamba ubatizo ni wa babu yako, pitia vifo vya watoto kwa miaka kumi inayofuata.

Kitabu cha vifo pia hutoa umri kamili. Aliyefariki 14 Machi 1823 akiwa na miaka 63, miezi 4 na siku 2: toa miaka, unapata 14 Machi 1760, toa miezi, 14 Novemba 1759, toa siku, 12 Novemba 1759. Tafuta ubatizo siku hiyo na siku chache baada yake. Usipoupata, panua hadi miaka mitatu kila upande, maana umri huo aliutaja jirani au mtoto, na hesabu zao hazikuwa sahihi kila mara.

SWALI: Baba wa babu yangu alikuwa Mjerumani aliyefanya kazi Tanga kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Tunalijua jina lake na neno "Hannover" tu. Nianzie huko huko Ujerumani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana, ndugu, anzia hapohapo ulipo. "Hannover" ya wakati ule ilikuwa mkoa mzima wa Prussia, Osnabrück ikiwemo, si mji peke yake. Huwezi kuomba karatasi kwa mkoa.

Nenda kwanza kwenye kitabu cha ubatizo cha misheni iliyombatiza babu yako. Usitegemee cheti cha ndoa: tangu 1906 serikali ya kikoloni ilizuia ndoa kati ya Mzungu na Mwafrika, na watoto wengi hawakuandikwa kwa jina la baba. Lakini padri au mchungaji wakati mwingine alimtaja. Omba kuona ukurasa wenyewe. Kisha tazama mafaili ya utawala wa Kijerumani kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, hasa kama alimiliki au kupanga shamba. Magazeti ya wakati huo pia yanasomwa: Usambara-Post lilichapwa Tanga kwenu, na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung Dar es Salaam. Upande wa Berlin, kumbukumbu za wizara ya makoloni ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, fungu R 1001.

Kama alikuwa askari wa Prussia, usipoteze pesa kutafuta faili lake. Hifadhi ya jeshi iliyokuwa Potsdam iliungua Aprili 1945. Badala yake tazama orodha za majeruhi na waliokufa za 1914 hadi 1918. Chama cha watafiti wa nasaba cha CompGen kimezipanga mtandaoni bure, na nyingi hutaja mahali pa kuzaliwa. Unachokitafuta katika hatua hii yote ni jina la kijiji. Likipatikana, daftari lake la kuzaliwa limeshapita miaka 110 na liko wazi kwako kama kwa mtu mwingine yeyote.

SWALI: Jina la wakwe zangu halisikiki kabisa la Osnabrück, na hakuna anayelijua kijijini. (Bi. R., Bad Iburg)

JIBU: Waulize walifika lini. Baada ya 1945 wilaya ilipokea wakimbizi wengi waliofukuzwa Silesia, Prussia ya Mashariki na Pomerania. Kama ndivyo, vitabu vya huku havina lolote kabla ya hapo. Madaftari ya kule yaliyosalimika yako kwenye hifadhi za nyaraka za Poland, na sehemu kwa msajili namba moja mjini Berlin.

SWALI: Tumenunua nyumba ya zamani ya mkulima karibu na Badbergen. Juu ya lango kubwa kuna maandishi yamechongwa kwenye boriti. Yana thamani ya kihistoria, na tunaweza kuyaamini? (Mume na mke, Badbergen)

JIBU: Thamani yake ni kubwa. Kwa kawaida utakuta jina la mume, jina la mke pamoja na la kwao, neno *Eheleute* yaani wanandoa, na tarehe ya kusimamisha nyumba, siku, mwezi na mwaka. Jina la kwao mke ndilo la kulishika: linakupa shamba la pili la kutafuta.

Piga picha jioni, taa ikiwa pembeni na mwanga ukipita sambamba na mbao ili vivuli vijae kwenye herufi. Msiisugue kwa brashi ya waya wala msiipake chaki. Mwaloni wa zamani ni laini juu na rangi ya mwanzo hutoka.

Kuhusu kuamini: boriti zilihamishwa. Nyumba ikibomolewa, mwaloni mzuri haukutupwa. Tazama kama kuna matundu matupu ya kuunganishia mbao ambayo hayana kazi, kama maandishi yamekatika ukingoni, au kama hayako katikati ya lango. Mkiona hayo, boriti imetoka kwingine. Fundi wa kupima umri wa mbao anaweza kutoboa kipande chembamba na kuhesabu pete za ukuaji. Pete ya mwisho chini ya gome ikiwepo, atawaambia mwaka mti ulipokatwa. Mwaloni ulifanyiwa kazi ukiwa mbichi, hivyo nyumba kwa kawaida ilisimama mwaka huohuo au miwili baadaye.

Kisha linganisheni na ramani ya mpima ardhi du Plat. Kati ya 1784 na 1790 nchi nzima ya Osnabrück ilipimwa kwa kipimo cha takriban 1:3,840, na ramani zinaonyesha nyumba, mashamba na malisho ya pamoja, na maelezo yanayoambatana nazo huwataja wenye mashamba. Zipo hifadhi ya Osnabrück. Jina la kwenye boriti likiwa halimo kwenye ramani mahali penu, na mwaka wa boriti ni wa kabla ya 1784, basi ama boriti ilihamishwa ama shamba lilibadilisha mkono. Chama cha historia cha kijiji (*Heimatverein*) mara nyingi kimeshaandika habari za kila shamba. Waombeni waone boriti kwa macho yao, nao watawaonyesha walichonacho.

SWALI: Tukija likizo tunataka kuwaonyesha watoto makaburi ya mababu. Yako wapi? (Familia, Hamburg)

JIBU: Ya zamani hayapo. Ujerumani kaburi hukodishwa, mara nyingi kwa miaka 20 hadi 30, na ukodishaji usipoongezwa jiwe huondolewa na mahali hapo hupewa mwingine. Mtakuta ya wazazi na pengine ya babu. Baadhi ya makanisa yamehifadhi mawe machache ya mchanga ya karne ya 17 na 18 ukutani; piga simu ofisi ya parokia kabla ya kusafiri, maana nyingi hufunguliwa asubuhi chache tu kwa wiki.